Utasa na Mfuko wa Fedha

Jioni moja, tulipokuwa tumerudi shuleni, alitujia nyumbani kwetu Lizaboni mama mmoja ambaye twamfahamu kwa kuwa shamba lake limepakana na letu. Hakutaka kukaa kitini. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo yake imeanza kukatika, akasema, "Mwalimu, nisomee hii. Ninayo mwaka wa tatu sasa." Tukaipeleka karibu na taa, tukaisoma. Ilikuwa karatasi ya hospitali, imeandikwa kwa Kiingereza na kwa mwandiko wa haraka. Habari yake ilikuwa fupi: mama huyu amepimwa, haikuonekana kasoro kwake, arudi pamoja na mumewe, naye mume apimwe.

Tukamwuliza, "Mama, hawakukuambia maneno haya siku ile?" Akajibu, "Waliniambia nirudi. Sikujua nirudi na nini. Nikadhani ni fedha."

Basi kwa miaka mitatu mama huyu alikuwa akitafuta fedha. Aliuza mbuzi wawili. Alikunywa dawa za waganga watatu, mmoja wao wa mbali, upande wa Tunduru. Alivumilia maneno ya wifi zake na macho ya mama mkwe. Na wakati huo wote jibu, au tuseme mwanzo wa jibu, lilikuwa limefungwa katika pindo la kanga yake.

Wasomaji wapenzi, hospitali ile hatuitaji, maana hatuandiki ili kushitaki. Lililotusumbua ni jambo jingine. Katika mtaa uo huo wako mume na mke wenye duka, waliokaa miaka mingi bila mtoto. Walifunga duka, wakaenda Dar es Salaam, wakarudi, wakaenda tena, na mwaka uliofuata tulialikwa kwenye ubatizo. Watu wakasema, "Mungu amewakumbuka." Nasi tuliitika Amina kwa moyo wote, kwa kuwa ni watu wema. Lakini tuliporudi nyumbani usiku ule tuliulizana: na mama mwenye karatasi je, yeye Mungu amemsahau? Au waliomsahau ni wengine? Tangu hapo hatukuweza kuliacha swali hili, na ndilo tunalowaletea mwezi huu.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe ni nini, kwa kuwa wengi hudhani utasa ni bahati mbaya tu, au ni laana, au ni malipo ya makosa ya ujana. Shirika la Afya Duniani lasema ni ugonjwa. Mume na mke wakikaa pamoja miezi 12 au zaidi bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, wanastahili kutazamwa na daktari. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilieleza kwamba duniani karibu mtu mmoja katika kila watu sita hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake. Nayo katika nchi zenye mapato makubwa ni asilimia 17.8, na katika nchi zenye mapato ya kati na madogo ni asilimia 16.5. Itazameni hesabu hiyo. Ugonjwa wenyewe umewagawia matajiri na maskini karibu sawasawa. Dawa haikugawanywa hivyo.

Tena tusidanganyike kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake. Katika nyumba zinazopimwa, karibu nusu yake sababu, au sehemu ya sababu, huonekana kwa mume. Mbegu zake zaweza kuwa chache, au dhaifu, au zisiwepo kabisa. Labda aliugua matubwitubwi naye amekwisha kuwa mtu mzima, yakashuka katika korodani. Labda kisonono cha zamani kiliziba njia. Labda mishipa ya korodani imevimba. Tusione haya kuyataja haya, maana kwa kuyaonea haya tumevunja nyumba nyingi.

Hapa lugha yetu yenyewe imetuponza kidogo. Twalo neno tasa, nalo ni la mwanamke, au la ng'ombe jike na mbuzi jike. Kwa mwanamume watu hulikimbilia neno hanithi, nalo ni jambo jingine kabisa, la nguvu na si la mbegu. Kwa hiyo mume mwenye nguvu zake husema, "Mimi si hanithi, basi mwenye kasoro ni mke wangu." Lakini nguvu si mbegu. Shamba laweza kulimwa vizuri sana, na mahindi yaliyopandwa yawe yameliwa na fukusi tangu ghalani. Mkulima wa Songea hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Twasoma katika Maandiko habari za Elkana na wake zake wawili. Hana alikosa mtoto, na Penina mwenye watoto akamchokoza mpaka akalia asile. Tumewafundisha watoto hadithi hii mara nyingi, na mwaka huu tu ndipo tulipogundua jambo lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote: Elkana alikuwa na watoto kwa Penina, basi alijua kwamba kasoro si yake. Waume wetu wengi hawana ushahidi kama huo, na bado hunena kana kwamba wanao. Tena Elkana, pamoja na kujua hivyo, hakumfukuza Hana. Alimpa sehemu yake mezani na kumbembeleza.

Sasa tuutazame ugonjwa unakoanzia. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza maelfu ya wanandoa wasiopata watoto katika nchi 25. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba Afrika ya kusini ya Sahara ilikuwa tofauti na pande nyingine: mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizo ilionekana huku kuliko kwingine kote. Jambo hili halikuwa geni. Katika nchi ya Buhaya, pande za Bukoba, wakati wa utawala wa Waingereza ilikuwako hofu kubwa ya kwamba watu watapungua kwa ajili ya kaswende na kisonono. Katika Kongo ya kaskazini, Gabon na nchi za jirani hali ilikuwa mbaya zaidi, hata wataalamu wakaziita ukanda wa utasa. Na penisilini ilipoenea katika miaka ya 1950, watoto walianza kuongezeka. Ni dalili gani kubwa kuliko hiyo, kwamba lililodhaniwa kuwa laana ya nchi lilikuwa kidudu kinachouawa kwa sindano?

Fikirini basi msichana wa kijijini ambaye ameambukizwa kisonono au klamidia. Mara nyingi mwanamke haoni dalili yoyote, au huona maumivu kidogo tu chini ya kitovu. Akiona, huona haya. Akishinda haya, huenda zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, anunue dukani. Fedha aliyo nayo yatosha nusu ya dozi. Hununua nusu, maumivu yakapoa, akashukuru. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Ndani ya tumbo ugonjwa waendelea polepole, na mirija hushikana kama majani mabichi yaliyorundikwa. Au fikirini mwingine aliyejifungua mtoto wa kwanza nyumbani, kwa kuwa mvua ilikata njia. Akashikwa na homa siku ya tatu, akapona bila hospitali, mtoto akafa. Miaka minane imepita, na mimba ya pili haijaja. Huyu watu humwita tasa, naye alikwisha kuzaa!

Sasa ndugu, sikilizeni sehemu iliyo chungu. Mirija ikikwisha kuziba kabisa, vidonge havizibui, wala mizizi haizibui. Zinabaki njia mbili: upasuaji, ambao hausaidii kila mtu, na ile njia ya kuchukua yai la mke na mbegu ya mume, kuzikutanisha nje ya mwili, kisha kurudisha mimba changa katika tumbo la mama. Kwa hiyo yule aliyekosa dawa ya shilingi elfu chache mwanzoni ndiye anayeambiwa mwishoni kwamba dawa yake ni ya mamilioni. Umaskini humpa ugonjwa ambao tiba yake ni ya matajiri. Twasema hili si kwa hasira. Ni hesabu tu, na kila anayeijua aweza kuirudia.

Njia hiyo ya mwisho ilifanikiwa mara ya kwanza huko Uingereza. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa katika mji wa Oldham mtoto wa kike, Louise Brown. Mama yake alikuwa ameziba mirija, na baba yake alikuwa dereva wa shirika la reli. Hawakuwa wakuu wa nchi. Waliowasaidia walikuwa mtaalamu Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy. Na Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010, wenziwe wawili wakiwa wamekwisha kufa. Baadaye elimu hiyo ilifika Afrika ya Mashariki: Kampala mtoto wa kwanza wa namna hii alizaliwa mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Leo hufanyika Dar es Salaam pia. Basi haifai tena kusema ni mambo ya Ulaya.

Lakini Dar es Salaam ni wapi kwa mtu wa Lizaboni? Ni safari ya kilometa zaidi ya 900, kupita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Wala haitoshi kwenda mara moja. Hukaa majuma, hurudi, huanza tena, maana mara nyingi jaribio la kwanza halishiki. Gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Kilo moja ya mahindi tuitie shilingi 700. Milioni moja basi ni zaidi ya kilo 1,428, yaani magunia 14 ya kilo mia na kitu juu yake. Mkoa wetu wasifiwa kwa mahindi, lakini ni nyumba ngapi zenye magunia 14 yasiyo chakula, wala ada, wala mbolea ya msimu ujao? Na milioni moja haifiki hata robo ya njia.

Hata hayo magunia, nani mwenye amri juu yake? Mke amelima, amepalilia, amevuna, amepukuchua. Siku ya kuuza, mwenye kutia fedha mfukoni ni mume. Ikiwa mume amekwisha kuamua moyoni kwamba kasoro ni ya mke, atatoa fedha ya nini? Afadhali aitumie kwa mahari ya mke wa pili. Ndiyo maana twasema tofauti hii si ya tajiri na maskini peke yake. Iko ya mji na kijiji, ya anayejua Kiingereza cha karatasi na asiyekijua. Na ndani ya nyumba moja, chini ya paa moja, iko ya mume na mke.

Tulipomweleza rafiki yetu mmoja, mwalimu mwenzetu mwenye busara, mambo haya, alitujibu maneno mazito, wala si haki tuyafiche. Alisema, "Mtoto si chakula. Mtu hafi kwa kukosa mtoto. Zahanati zikikosa dawa ya malaria, na mama wajawazito wakifa njiani, serikali itatumiaje fedha kwa mambo ya watu wanaotaka tu kitu wasicho nacho? Wanaokufa kwanza." Tulinyamaza kitambo. Kwa kweli ikiwa dozi ni moja, na mmoja anakufa, na mwingine anahuzunika, apewe anayekufa. Hili hatulipingi, wala mama mwenye karatasi hatalipinga.

Lakini baadaye tulimwuliza rafiki yetu huyu: ni nani aliyesema mtoto ni lazima? Si sisi wenyewe? Katika mtaa wetu mwanamke haitwi kwa jina lake. Huitwa Mama Fulani, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Dukani, kisimani, kanisani, jina lake ni hilo. Asiyezaa hana jina. Huitwa kwa jina la usichana kama mtoto, au huitwa mke wa fulani, na siku fulani akimchoka hana hata hilo. Akifiwa na mume, ndugu za mume huja kupima shamba kabla matanga hayajaanuliwa. Akizeeka peke yake, macho yake yakiwa mekundu kwa moshi, watu huanza kunong'ona habari za uchawi. Sisi ndio tuliomwambia kwa matendo haya yote kwamba bila mtoto yeye si mtu. Akishasadiki, akaja kuomba msaada, twamgeukia na kumwambia mtoto ni anasa! Haiwezekani yote mawili yawe kweli. Kama mtoto ni anasa, basi asiyekuwa naye asipungukiwe na kitu kwetu, jina wala shamba wala heshima. Kama mtoto ni lazima, basi msaada wa kumpata usiwe wa wenye duka tu. Rafiki yetu hakujibu siku ile. Alisema atafikiri.

Wako pia wasemao kwamba nchi ina watoto wengi mno. Ni kweli watu wameongezeka. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120, na uchunguzi wa mwaka uo huo ulionyesha kwamba mwanamke mmoja wa Tanzania kwa wastani huzaa watoto 4.8. Lakini wastani ni kitu cha karatasini. Watoto saba wa jirani hawamwiti mama yule aliye peke yake. Katika mkutano wa mataifa uliofanyika Cairo mwaka 1994, ambao wengi huukumbuka kwa habari za uzazi wa mpango, ilikubaliwa vilevile kwamba kuzuia utasa na kuutibu ni sehemu ya huduma ya uzazi. Sehemu ile ya kwanza imefika mpaka zahanati za mbali. Hii ya pili imekawia sana njiani.

Na wengine husema, "Alee mtoto wa ndugu." Hili ni jema, na babu zetu walilifanya, sheria ya mtoto ya mwaka 2009 nayo yaruhusu kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kabisa mbele ya Mahakama. Lakini tumeona kwamba shauri hili hutolewa kwa maskini tu. Wenye duka hakuna aliyewaambia. Tena mtoto wa ndugu, akifika umri wa kusaidia kazi, mara nyingi mamaye humkumbuka. Twamjua mama aliyelea mtoto tangu akiwa na miezi minne mpaka darasa la sita, akaja kuchukuliwa siku moja asubuhi pamoja na sare zake za shule.

Kuhusu dini, msomaji ataka tuseme neno, nasi tutasema kwa kifupi. Kanisa Katoliki katika fundisho lake la mwaka 1987 lilikataa njia ile ya kukutanisha mbegu nje ya mwili, huku likikubali tiba zinazosaidia ndoa kuzaa kwa njia yake yenyewe. Wakristo wengine wana mawazo mengine. Mashauri hayo ni mazito, nasi hatutayamaliza katika kurasa hizi. Lakini ole wetu tukijificha nyuma yake. Kupima mbegu za mume kwa hadubini ni jambo moja. Kupandikiza mimba ni jambo jingine. Kutibu kisonono, kupima kaswende, kumpa mzazi mahali safi pa kujifungulia, kumsomea mtu karatasi yake kwa lugha anayoijua: katika hayo hapana lisilowezekana katika mkoa wetu, ulio na hospitali ya mkoa mjini na ile ya Mtakatifu Yosefu huko Peramiho.

Tulitaka kuacha habari za waganga, lakini tukiziacha tutakuwa tumesema nusu. Kwa nini mama huyu alikwenda kwa waganga watatu, na hospitali akaenda mara moja? Si kwa ujinga. Mganga alimkalisha kwenye mkeka, akamwuliza jina la baba yake, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema naye Kingoni. Alikubali mbuzi mmoja sasa na mwingine baada ya mavuno. Hospitalini alisimama kwenye foleni tangu alfajiri, akaulizwa mambo ya siri mlango ukiwa wazi, akapewa karatasi. Mganga alimpa masikio bila dawa. Hospitali ilimpa habari ya kweli bila masikio. Tukimlaumu kwa kuchagua masikio, tutakuwa hatujaumwa bado. Lakini pia tusiwasifu wale waganga. Watatu wote walichukua mali yake, na katika watatu hao hapana hata mmoja aliyemwuliza habari za mumewe.

Neno moja juu ya sheria, kwa ajili ya wale ambao waume zao wamekwisha kuanza kuzungumza habari za kuachana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipotaja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, kama ukatili na kuachwa kwa miaka mitatu, haikutaja kukosa mtoto. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo mwanamke aliyelima miaka 12 na kufukuzwa kwa sababu hakuzaa, si mgeni anayeondoka na sanduku lake. Ana sehemu. Haya tumeyaandika kwa kuwa wenye kuyajua mara nyingi si wale wanaoyahitaji.

Turudi jioni ile. Tulikuwa na karatasi mkononi, na mama amesimama mlangoni. Tukasema moyoni, tukimwambia kwamba mume ndiye apimwe, atarudi nyumbani na maneno hayo peke yake, na huenda akapigwa. Tusipomwambia, tutakuwa mganga wa nne. Tukamwambia. Hakulia. Alikaa kitini, kwa mara ya kwanza, akauliza, "Kwangu hawakuona kasoro?" Tukasema, "Haikuonekana." Akauliza tena. Tukamsomea tena, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Akaomba tuiandike kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ile ile, ili aweze kuisoma mwenyewe.

Jumapili iliyofuata tulimwendea mumewe, mimi na mzee mmoja wa kanisa ambaye ni shemeji yake na ambaye yeye mwenyewe alichelewa kupata watoto. Hatukumwambia kwamba ana kasoro, kwa kuwa hatujui. Tulimwambia tu kwamba yule mzee alipimwa alipokuwa kijana, na kwamba kupimwa hakukumpunguzia kitu. Mume alikasirika. Alituuliza ni nani aliyetutuma katika mambo ya kitanda chake, na swali hilo, kwa kweli, lilikuwa la haki. Mzee akamjibu kwamba mambo ya kitanda chake yamekuwa yakijadiliwa kisimani kwa miaka tisa, ila yeye tu ndiye aliyekuwa hayasikii. Tukaondoka bila chai.

Siku kumi zikapita. Siku ya Alhamisi, kabla ya kengele ya shule, tuliwaona wote wawili barabarani wakingoja gari la kwenda hospitali. Mume alikuwa amevaa koti la Jumapili. Mke alisimama hatua mbili nyuma yake, na pindo la kanga yake lilikuwa limefungwa. Alituamkia kwa kichwa tu. Tunapoandika haya, majibu bado hayajatoka.